Nani Ataingia kwa Mfalme?

Masomo: Esta 4:10-16, Waebrania 4:14-16

 Ninyi mlio nyumbani pamoja na jamaa zenu, ninyi mlio kitandani kwa ugonjwa, na wewe mlinzi uliye peke yako langoni, karibuni tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Hapa kwetu Mwiki, upande wa Ruiru, mtu akitaka kumwona mkubwa anajua la kufanya. Huamka mapema, huvaa nguo safi, huenda akaketi kwenye benchi lililo nje ya mlango. Akiwa na bahati huitwa kabla ya saa sita. Asipokuwa na bahati huambiwa, "Mkubwa yuko mkutanoni, njoo kesho." Sisi twacheka mambo hayo, au twayalalamikia, lakini ni mambo ya zamani sana. Tangu wanadamu walipoanza kuwa na wafalme, watu wameuliza swali lile lile: Nani ataingia kwa mfalme? Ataingia kwa mlango gani? Na akiisha kuingia, je, atatoka salama?

Fungua Biblia yako katika kitabu cha Esta. Huko twasoma habari za Ahasuero, mfalme wa Uajemi, aliyeketi katika Shushani ngomeni. Wataalamu wengi husema ya kwamba huyu ndiye yule ambaye Wayunani walimwita Xerxes, aliyetawala tangu mwaka 486 hata mwaka 465 kabla ya Kristo. Milki yake ilitoka Bara Hindi ikafika Kushi, yaani majimbo 127. Mfalme mkubwa namna hiyo hakuonwa ovyo. Sura ya kwanza yataja wakuu saba tu waliopewa haki ya kuuona uso wake. Na sura ya nne yatuambia sheria yenyewe: mtu yeyote, awe mwanamume au mwanamke, akiingia katika ua wa ndani bila kuitwa, hukumu yake ni kufa, isipokuwa mfalme amnyoshee fimbo yake ya dhahabu.

Wala si Biblia peke yake inayotueleza habari za ikulu ile. Huko Persepolis, mji wa fahari ambao Mfalme Dario alianza kuujenga, mawe yamesimama hata leo. Kwenye ngazi za ukumbi mkubwa zimechongwa sanamu za wajumbe wa mataifa 23, kila kundi na zawadi zake, wengine na ngamia, wengine na kondoo, wengine na vyombo. Mmoja katika kila kundi ameshikwa mkono na mtu wa ikulu, anaongozwa. Hakuna anayejiendea mwenyewe. Na katika mchongo mwingine twamwona mfalme ameketi kitini, fimbo mkononi, na mbele yake ofisa ameinama kidogo, ameweka mkono mbele ya kinywa chake.

Herodoto, mwandishi wa historia wa Wayunani, asimulia ya kwamba wale waliomsaidia Dario kuutwaa ufalme walipatana naye wawe na ruhusa ya kuingia kwake bila kutangazwa, isipokuwa akiwa faraghani na mwanamke. Siku moja mmoja wao, jina lake Intaphernes, alifika akazuiwa mlangoni, akaambiwa mfalme yuko na mwanamke. Akadhani mabawabu wanamdanganya. Kwa hasira akawakata pua na masikio. Dario akaona ya kuwa huo ni mwanzo wa uasi, akamwua yeye na karibu wanaume wote wa nyumba yake. Basi huyo alikuwa rafiki wa mfalme, mwenye haki ya kuingia! Ikiwa rafiki aliangamia mlangoni, mgeni atasema nini?

Huenda msikilizaji atasema, "Mchungaji, hayo ni mambo ya Waajemi. Yatuhusu nini?" Ni kweli, wazee wa Kikuyu katika nchi hii ya Ruiru na Thika hawakuwa na mfalme. Walitawaliwa na mabaraza ya wazee na kwa marika. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Vukeni Ziwa Viktoria, mfike Buganda, nanyi mtaona ikulu ambayo Esta mwenyewe angeitambua.

Kabaka wa Buganda aliishi juu ya kilima, katika ua mkubwa uitwao Lubiri, uliozungukwa na nyua za matete, ua ndani ya ua, lango baada ya lango, na kila lango lilikuwa na bawabu wake. Langoni uliwaka moto usiozimwa mchana wala usiku muda wote Kabaka alipokuwa hai. Alipokufa, moto ulizimwa. Zilikuwako ngoma za kifalme ziitwazo Mujaguzo, ambazo si kila mtu aliruhusiwa kuzigusa. Mama wa mfalme, aitwaye Namasole, alikuwa na ua wake mwenyewe kwenye kilima kingine ng'ambo ya maji. Mashauri ya nchi yalipitia kwa Katikiro, yaani waziri mkuu. Mtu aliyepewa zawadi au kusamehewa na Kabaka alijitupa chini kifudifudi, akashukuru tena na tena. Na ndani ya ua walitumika vijana wengi, watoto wa wakuu waliopelekwa na baba zao ili wajifunze utawala na wapate cheo. Mkumbukeni kijana huyo wa ikulu, kwa maana tutarudi kwake.

Mwaka 1862 alifika huko Mwingereza John Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Kabaka alikuwa Mutesa wa Kwanza, angali kijana. Speke alipongojeshwa nje alikasirika, akageuka kurudi kambini kwake. Watu wa ikulu wakashangaa, kwa maana hawajamwona mtu wa namna hiyo. Walipomrudisha, hakukubali kuketi chini kama wengine, akaweka kiti chake mwenyewe. Basi yeye na Kabaka wakakaa wakitazamana muda wa saa nzima bila kusema neno. Kisha Kabaka akatuma mtu kumwuliza kama amekwisha kumwona, akaondoka kwenda kula.

Twaweza kucheka kisa hicho. Lakini Speke ameandika kisa kingine ambacho hakichekeshi. Walipokuwa matembezini karibu na ziwa, mmoja wa wake wa Kabaka alichuma tunda akampa mumewe, akitaka kumfurahisha. Kabaka akawaka hasira. Akasema hajapata kuona mwanamke akithubutu kumpa kitu, akaamuru afungwe na kupelekwa kuuawa. Wake wenzake wakapiga magoti wakilia na kumwombea. Ndipo Speke akaurukia mkono wa Kabaka, akamwombea yule mwanamke, naye akaachwa hai.

Ndugu zangu, tunda moja tu! Mwanamke huyu hakuchukia, hakuiba, hakusema neno baya. Alikosea namna ya kukaribia. Na mara nyingi adabu za ikulu hufikia hapo. Huanza kwa heshima, nayo heshima ni kitu chema. Hata sisi twamwamkia mzee, wala hatuingii nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi. Lakini utaratibu usipokuwa na huruma ndani yake, mwisho wake mtu hufa kwa ajili ya tunda.

Sasa na tuje katika habari inayotuhusu sisi Waanglikana kwa karibu zaidi. Mutesa alimpokea Stanley mwaka 1875, na barua ya Stanley ikachapishwa gazetini huko Uingereza mwaka huo huo, ikiomba walimu wa Injili. Mwaka 1877 wamisionari wa kwanza wa chama cha CMS wakafika Buganda. Mwaka 1884 Mutesa akafa, na mwanawe Mwanga akatawala, naye angali kijana. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto. Hao ndio wa kwanza.

Wakati huo James Hannington, Askofu wa kwanza wa eneo hili lote la mashariki, alikuwa amefika Mombasa. Njia ya kawaida ya kwenda Buganda ilikuwa ndefu, ya kupitia Tanganyika hadi kusini mwa ziwa. Askofu akaona heri afungue njia fupi ya kukatisha nchi ya Wakikuyu na ya Wamasai. Akaondoka Rabai mwezi wa Julai 1885. Alipofika kwa Mumia, katika nchi ya Wanga, magharibi ya Kenya ya leo, akaacha sehemu kubwa ya msafara chini ya shemasi William Jones, Mwafrika aliyeokolewa utumwani, naye akaendelea na watu 50 kuelekea Busoga.

Hakuelewa ya kuwa anagusa mlango usioguswa. Watu wa Buganda walikuwa na neno la tangu zamani, ya kwamba atakayeila nchi yao atatokea mashariki, kwa njia ya Busoga. Huo ulikuwa mlango wa nyuma wa ufalme. Tena mwaka ule ule wa 1885 habari zilikuwa zimefika ikulu ya kwamba Wajerumani wananyakua nchi huku pwani. Hofu ya Mwanga haikuwa ya kipumbavu. Akasikia ya kwamba mkubwa wa Wazungu yuaja, naye yuaja kwa mlango wa nyuma. Akatuma amri. Askofu alishikwa kwa chifu Luba, akafungiwa siku nane, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na karibu watu wake wote. Wachache waliosalimika wakarudi kwa Jones kumpa habari. Naye Jones akawaongoza waliobaki njia yote hadi Rabai, wakiwa na bendera iliyoandikwa jina la Ikabodi, yaani, utukufu umeondoka.

Ndipo twamrudia yule kijana wa ikulu. Mkuu wa vijana waliotumika katika nyumba ya ndani ya Kabaka aliitwa Yosefu Mukasa Balikuddembe. Alikuwa Mkatoliki. Hakuna aliyekuwa karibu na mfalme kuliko yeye. Hakuhitaji kungoja benchini, alikwisha kuwa ndani. Angeweza kunyamaza, akala mezani pa mfalme siku zote, na hakuna ambaye angemlaumu. Tena aliyeuawa hakuwa wa kanisa lake. Lakini Balikuddembe alimwendea Kabaka akamkemea kwa kumwua mgeni bila hata kumpa nafasi ya kujitetea. Tarehe 15 Novemba 1885 akakatwa kichwa, na mwili wake ukachomwa moto.

Hebu uweke habari hiyo karibu na ile ya Esta. Mordekai alimwambia Esta ya kwamba asidhani atapona peke yake kwa kuwa yumo katika nyumba ya mfalme. Tena, nani ajuaye, labda ameupata ufalme kwa ajili ya wakati kama ule. Esta akafunga siku tatu, akavaa mavazi yake ya kifalme, akaingia. Fimbo ya dhahabu ikanyoshwa. Watu wake wakaokoka. Balikuddembe naye aliingia, lakini yeye hakunyoshewa fimbo. Nao waliomfuata vilevile hawakunyoshewa. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao waliteketezwa pale Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki katika moto mmoja. Kwa jumla, katika miaka ile, twakumbuka Waanglikana 23 na Wakatoliki 22. Na hata leo, kila tarehe 3 Juni, mahujaji hujaa Namugongo, na wengi wao hutoka huku kwetu Kenya.

Je, Mungu alimpenda Esta kuliko Balikuddembe? La, hasha. Imani si hirizi ya kuilainisha mioyo ya wafalme. Esta mwenyewe hakujua kama atatoka hai. Alikubali kuangamia kabla hajauvuka mlango. Waliofanana hawa wawili ni katika jambo moja: kila mmoja alipewa nafasi karibu na kiti cha mfalme, na kila mmoja aliitumia nafasi hiyo kumwombea mwingine asiyeweza kuingia.

Na sasa niruhusuni niseme jambo linalonichoma mwenyewe. Zamani, katika kanisa moja nililolihudumia, nilikuwa nimeweka utaratibu mzuri. Mtu akitaka kuniona baada ya ibada, amwone kwanza mzee wa kanisa, aandike jina, angoje zamu yake. Mama mmoja alikuja Jumapili ya kwanza, akaambiwa orodha imejaa. Akaja Jumapili ya pili, nikawa nina mkutano. Jumapili ya tatu nilimwona kwa mbali, amesimama karibu na mlango ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, nami nikasema moyoni, "Nitamwona juma lijalo." Juma lililofuata alikuja kuandikisha mazishi. Mume wake alikuwa mgonjwa nyumbani, naye alikuwa akitaka tu nimpelekee Meza ya Bwana.

Yule mama hakunilaumu. Alisema, "Nilijua una kazi nyingi, mchungaji." Afadhali angenilaumu. Mimi ninayesimama kila Jumapili kusema ya kwamba pazia la hekalu limepasuka, nilikuwa nimelishona tena kwa mikono yangu mwenyewe, nikaliita utaratibu.

Kwa hiyo wapenzi, tusikilize yasemwayo katika Waebrania sura ya nne. Twaye Kuhani Mkuu ambaye amejaribiwa kama sisi, achukuaye udhaifu wetu. Kwa sababu yake twaambiwa tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri, tupate rehema na msaada wakati wa mahitaji. Mwandishi hasemi, "Akipata nafasi." Hasemi, "Mkipitia lango la mbele." Esta alihitaji mavazi ya kifalme. Wewe waweza kuja na nguo zako za kazi, na vumbi la machimbo ya mawe miguuni. Yule mke wa Kabaka alihukumiwa kwa tunda. Wewe leta tunda lako, hata likiwa bichi. Mlinzi, waweza kuomba papo hapo langoni. Mgonjwa, waweza kuomba bila kuinuka. Fimbo imekwisha kunyoshwa pale msalabani, wala hairudishwi.

Lakini mwenye kuingia kwa ujasiri asisahau walio nje. Wewe uliye karani, wewe uliye chifu, wewe mwalimu mkuu, wewe mzee wa kanisa, na mimi mchungaji, tujiulize: Ni nani ameketi kwenye benchi langu leo? Nafasi tuliyopewa karibu na kiti hatukupewa ili tupumzike. Nani ajuaye kama hatukuipata kwa ajili ya mtu mmoja aliyesimama karibu na mlango?

Ikulu zenyewe hazidumu. Persepolis iliteketezwa na askari wa Aleksanda mwaka 330 kabla ya Kristo. Ikulu ya Mengo ilishambuliwa mwaka 1966, Kabaka Mutesa wa Pili akakimbia, akafia London mwaka 1969. Falme za Uganda zilifutwa mwaka 1967, na ile ya Buganda ikarudishwa mwaka 1993, Ronald Mutebi akatawazwa kwa desturi za wazee wake. Fahari huja na kuondoka.

Naye Mwanga je? Mwaka 1888 aliondolewa kitini. Mwaka uliofuata akarudishwa kwa msaada wa Wakristo, watu wa imani ile ile aliyokuwa ameitesa. Mwaka 1897 akapigana na Waingereza, na mwaka 1899 akakamatwa na kupelekwa uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli. Huko hakuwa na lango, wala bawabu, wala ngoma, wala mtu wa kujitupa chini mbele yake. Na huko huko akabatizwa katika Kanisa la Anglikana, kanisa la yule askofu aliyeamuru auawe. Jina alilopewa ni Danieli, jina la mtu yule aliyetupwa katika tundu la simba katika ufalme wa Wamedi na Waajemi kwa sababu hakuacha kumwomba Mungu wake. Akafa mwaka 1903.

Aliyewafungia wengine mlango, yeye mwenyewe aliupata u wazi. Basi wewe unayesikiliza jioni hii usiseme umechelewa.

Na tuombe. Ee Bwana Mungu, Mfalme wa wafalme, twakushukuru kwa kuwa Mwanao ametufungulia njia. Utusamehe sisi tuliowafungia wengine. Uwape ujasiri wote waliosimama nje kwa hofu. Na kama umetuweka karibu na kiti cho chote cha enzi, utupe kinywa cha kuwaombea wasio na msemaji. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.